Wanasema Ungetaka, Dada Zuhura

Dada Zuhura,

Amani ikufikie ulipo. Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe.

Mwanao Amina amepita mtihani, tena vizuri mno. Vyuo viwili vimemkubali kusomea udaktari, kimoja Nairobi, kimoja Mombasa, na vyote vinasifika. Ungefurahi mpaka ukalia. Sisi furaha yenyewe hatukuachiwa hata siku mbili.

Kabla mtoto hajafungua mdomo, mwalimu mkuu wake alikwisha kutundika bango langoni mwa shule: picha ya Amina na jina la chuo cha Nairobi. Nilipomwendea akaniambia, "Mama, hii ni heshima ya shule yote." Kaka yetu Athumani naye alikwisha kuwapigia simu jamaa wa Mombasa watayarishe chumba. Nikamuuliza, Amina mwenyewe anasemaje? "Amina ni mtoto. Marehemu mama yake angetaka akae kwa jamaa."

Marehemu angetaka! Miezi minane tu uko kaburini, na kila mtu amejifanya mdomo wako. Mimi nakumbuka ulivyopata nafasi ya chuo cha ualimu, wakubwa wakakaa sebuleni wakakujibia hapana. "Wamenifungia ndia ya chuo na mimi niko jikoni," uliniambia, ukaendelea kuchagua mchele. Nilikuwa na miaka kumi.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, baada ya swala, Athumani akaita kikao nyumbani kwake hapa Faza. Amina akatumwa chai. Aliporudi nikampokea sinia, nikamwambia akae. Nikamwambia kaka, "Muulize yeye." Safari hii nilisema, dada. Athumani akanitazama kama nimemvua kofia mbele za watu. Amina akaomba wiki moja.

Na mimi, badala ya kunyamaza, wiki hiyo nikamsumbua na Nairobi yangu: Nairobi hivi, Nairobi vile, mamako angejivunia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mama mdogo, na wewe pia?" Niliona haya. Nikaondoka nikaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimekauka.

Yeye aliwapigia simu wasichana wanaosoma kule na kule, akaandika majibu yao daftarini. Kisha akachagua Mombasa, na atakaa bweni la chuo, si kwa jamaa. Anasema wanafunzi wa pale hufunzwa katika hospitali ile ile uliyolazwa. Zile siku kumi na moja alizokaa kando ya kitanda chako, aliwaona daktari na wenzake wakizungumza mbele yako kama hupo, hakuna hata mmoja aliyekueleza unaumwa nini. Anataka kuanzia pale pale.

Athumani sasa anapita madukani akisema, "Si niliwaambia Mombasa?" Bango bado linaning'inia. Hasira haijaniisha, na sitaki iishe upesi.

Jumatatu nitampeleka gatini Mtangawanda apande boti. Lala salama, dada yangu, Mungu akupanulie hapo ulipo. Nakuahidi: atakayesema tena mbele yangu kwamba marehemu angetaka, nitamuuliza ulimwambia lini. Na nikiwa ni mimi, nitajiuliza vile vile.

Mdogo wako,
Rukia