Kopo la Vifungo

Mshauri wangu wa redioni, pole na kazi, leo nakuomba unisikilize na wewe, maana mimi nakusikiliza kila siku saa nne asubuhi nikiwa kwenye cherehani, na mara nyingine nakujibu kwa sauti kana kwamba umekaa hapa, na usinicheke mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea humu humu chumbani, mume wangu alitangulia mbele ya haki, huu mwaka wa tatu, mwanangu yuko mbali na kazi zake, hupiga simu Jumapili, anauliza, "Mama, umekula?" nasema nimekula, basi, simu imekwisha. Wateja nao wanaacha nguo mlangoni, kila mtu ana haraka. Nina kopo la maziwa ya unga ninamoweka vifungo, na mume wangu alipofariki nilitia humo dawa zake zilizobaki kwa sababu sikuwa na moyo wa kuzitupa, sasa siku moja jirani yangu Mama Pacha akaja kuniuliza kama nina chochote cha koo, nikampa kapsuli mbili za antibayotiki, akakaa kwenye kigoda tukaongea mpaka chai ikapoa, jamani, mtu alicheka ndani ya nyumba yangu! Kesho yake akaja mlinzi wa geti na mafua yake, keshokutwa mwingine, wakaniita Daktari wa Kopo, na mimi nikaona raha, ikawa hata nikipewa dawa zangu mwenyewe hospitali simalizi, nabakiza za wageni.

Mwezi huu sindano ya cherehani ikanitoboa kidole cha shahada, mkono wa kulia, kikatunga usaha, daktari akakipasua na kunipa kapsuli ishirini na moja, tatu kwa siku kwa siku saba, akanisisitiza, "Mama, zote, hata ukijiona umepona." Siku ya tatu uvimbe ukashuka, nikasema kumbe nimepona, nikachukua kumi na mbili zilizobaki nikazitia kwenye kopo, na sitakuficha, nilifurahi kama mtu aliyeweka akiba sukari ya wageni.

Sasa kidole kimefura upya, mstari mwekundu umepanda mpaka karibu na kiwiko, kwapani kuna tezi linauma, na tangu jana natetemeka kwa homa. Jana hiyo hiyo Mama Pacha alikuja kuomba dawa ya kikohozi cha mtoto wake mmoja, nikampa nne kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia nimeuficha chini ya kitambaa nilichokuwa nashona, akashukuru akaondoka, hakuuona. Hata "na wewe hujambo?" hakuniuliza. Nimebaki na nane. Je, nizimeze hizi hizi kimya kimya, maana kwa yule daktari naona aibu? Na kopo nikilifunga, mshauri, nani atapiga hodi kwangu?

Fundi wa chumba cha mwisho

Mshauri anajibu redioni, saa nne asubuhi:

Fundi, barua yako imetolewa sandukuni asubuhi hii, nami nimeivusha mbele ya nyingine zote, kwa hiyo acha cherehani. Simama. Hizo nane usizimeze. Mstari mwekundu unaopanda mkono, tezi kwapani na homa ni dalili kwamba maambukizi yametoka kidoleni yanasambaa mwilini, na hilo si la kesho wala la "ngoja nimalizie pindo". Ni hospitali sasa hivi. Watu wamepoteza maisha kwa jambo lililoanzia kwenye ncha ya sindano.

Ukifika, mwambie daktari yote: dawa gani, ulimeza siku ngapi, uliacha lini. Pengine itabidi akubadilishie, na hawezi kujua usipomwambia. Aibu iache nyumbani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa nikugombeze. Wewe mteja wako unampa gauni lililoshonwa upande mmoja, akavae? Siku tatu zile ziliwapunguza bakteria, hazikuwamaliza, na wewe ukawaachia nafasi ya kurudi. Mafua ya mlinzi yaliletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi hata umpe kopo zima. Kila tunapozimeza ovyo, bakteria wanazidi kuzizoea, mpaka siku dawa inahitajika kweli haifanyi kazi. Za marehemu nazo zimekaa miaka mitatu! Na mtoto je? Hajapimwa, unampa kipimo cha mtu mzima, na kuna watoto dawa hizo huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Ulitaka mgeni, fundi, ulikaribia kuleta msiba.

Kwa hiyo unapotoka, anzia kwa Mama Pacha. Leo wewe ndiye utakayepiga hodi. Mwambie asimpe mtoto kapsuli zile, na kama ameshampa, ambebe mwende hospitali pamoja. Kisha mwonyeshe mkono. Unalalamika hakuuona, lakini uliuficha, umeandika mwenyewe. Mwambie, "Naumwa, nisindikize." Neno hilo ni zito kwa mtu aliyezoea kuwa daktari wa wenzake, najua. Liseme hivyo hivyo.

Dozi mpya ifuate kama utakavyoelekezwa, mpaka kapsuli ya mwisho, na kila ukimeza piga alama ya chaki pembeni mwa meza yako ya kukatia. Dawa zote za kopo, hata zile za mumeo, zipeleke duka la dawa wakaziharibu. Ukilia ukizitoa, lia tu. Vifungo vibaki. Na Jumapili mwanao akiuliza umekula, usimkatie maneno, mwambie mkono umevimba na nyumba ni kimya. Hawezi kukujibu usilomwambia.

Upweke nao unauma, fundi, sikubezi hata kidogo. Lakini Mama Pacha kapsuli zile angeweza kuzipokea mlangoni na kwenda zake siku ile ya kwanza. Alikaa mpaka chai ikapoa kwa sababu yako.

Haya, na wewe hujambo? Mimi nimekuuliza. Nasubiri jibu lako, kwa mwandiko wa mkono wa kulia.