Kahawa ya Kutafuna ya Mama

Kitendaguro, Jumatatu jioni

Mama bado hataki kusikia. Asubuhi alimpelekea mwalimu mkuu wa shule ya Wahindi kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu hupewa mgeni wa heshima, ili amwombee binti yangu Koku nafasi. Yule bwana akatafuna, akashukuru, kisha akasema shule ile si ya Waafrika.

"Amekula kahawa yangu," Mama ananiambia. "Kwetu mtu hali kahawa yako kisha akakufungia mlango."

Mimi ni mwalimu, lakini shule yangu inaishia darasa la nne, na Koku amelimaliza. Kila nikipita kwenye shule ya Wahindi nikasikia watoto wakisoma, natamani kusikia sauti yake humo.

Mama ameanza kumshonea gauni la shule. Nilitaka kumkataza, maana nafasi hakuna. Macho yake hayaoni vizuri. Badala yake nimemtungia uzi kwenye sindano.