Mwaka Ambao Simba Hakuchanjwa

Jumatatu, 9 Juni
Nimekamua. Nimekata majani ya ng'ombe. Mama Neema, jirani, kauliza kama Simba, mbwa wetu, alichanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu. Hapana. Chanjo ilipita hapa Uru wakati wa matanga ya mume wangu. Yeye ndiye alikuwa anampeleka, kila mwaka. Mimi nilikuwa napinga: hata watoto hufika mahali wakamaliza chanjo, sembuse mbwa? Kila mwaka tulibishana. Sasa sina wa kubishana naye.

Jumatano, 11 Juni
Ukoo wamegawana nguo za marehemu. Ndiyo desturi. Koti la kijivu kapewa Prosper, mdogo wake. Walinitazama waone kama nitalia. Sikulia. Sisikii kitu.

Jumamosi, 14 Juni
Prosper kaja amevaa koti. Simba kakata kamba, kamrukia, kamng'ata mkono. Mtu anayemjua tangu akiwa kitoto! Mama mkwe kapiga yowe: "Kichaa hicho! Muueni!" Simba nimemfunga kwa mnyororo. Kidonda tumekiosha kwa sabuni na maji mengi, Prosper kakimbizwa Moshi mjini kuchomwa sindano.
Kabla hajaondoka kaniuliza, "Shemeji, amechanjwa?"
"Mwaka jana."
Kageuka, kaondoka. Bora angenitukana.

Jumapili, 15 Juni
Afisa mifugo kasema Simba asiuawe, afungwe, aangaliwe siku kumi. Kama anao ugonjwa, utajionyesha. Nikauliza: chanjo kila mwaka, kweli? Kasema ziko chanjo za kudumu zaidi, ila hii inayoletwa huku ni ya kila mwaka. Basi marehemu alikuwa sahihi. Naogopa. Prosper ana watoto wadogo.

Jumanne, 17 Juni
Simba kanywa maji.

Alhamisi, 19 Juni
Hajala tangu asubuhi. Mama mkwe kasimama mgombani na panga. Nimekaa karibu na banda siku nzima, kazi zimelala. Jioni Simba kala makombo ya kiburu, ndizi zetu na maharage. Mama mkwe kaenda zake.

Jumatano, 25 Juni
Afisa mifugo kasema Simba mzima. Kamchanja. Kichwa nimekishika mimi.
Prosper naye kaja, koti mkononi, mkono wa koti umechanika. Bado ana sindano ya kumalizia. Kalitandaza chini. "Alikuwa anamtaka kaka, mwenye koti, shemeji."
Simba kalinusa, kalilalia.
Nimekamua kwa kuchelewa. Nilikuwa nalia.
Mwakani nampeleka mwenyewe.