Moshi wa Nyumba ya Bibi

Villarmuela,
Jumamosi, 16 Februari 1991

Mpendwa Shangazi Delfina,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kwenye kadi ya Krismasi kimekwisha. Je, chumba chako kina joto la kutosha? Ulisema dirisha lake linatazama ukuta wa kiwanda. Nimejaribu mara nyingi kuuwazia ukuta huo, lakini kila mara naujenga kwa mawe ya huku kwetu, nami najua sivyo ulivyo.

Sisi hatujambo. Baba ni mzima, ila goti lake linamsumbua baridi inapozidi. Mama bado yuko León akimwuguza dada yake, na huja nyumbani Jumapili moja moja. Ng'ombe wetu mweusi amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Theluji imebaki upande wa kivuli tu.

Shuleni naendelea vizuri katika masomo. Katika mengine sijui niseme nini. Wale mapacha wa nyumba ya kinu wamehamia Valladolid na wazazi wao, kwa hiyo sasa ni mimi peke yangu ninayepanda basi la shule hapa kijijini. Dereva hunisalimu, nami humwitikia, na siku nyingine hayo ndiyo maneno yangu yote mpaka mchana. Wenzangu darasani si wabaya. Wanaongea haraka tu, na mimi nikishapata la kusema wao wameshahamia jambo jingine.

Kwa hiyo bado natembea mpaka ile ngome ya zamani. Kwenye daraja la mtoni gogo la kushoto limeoza mwishoni, sasa navuka kwa la kulia, nikishika matawi ya mierebi. Juu ngomeni kipande kingine cha mnara kilianguka mwezi wa Desemba, upande wa kaskazini, lakini ngazi tuliyokuwa tukiikalia ipo. Nachukua kitabu na mkate wenye soseji, nasoma mpaka vidole vinakufa ganzi. Mara nyingine nasoma kwa sauti. Ukuta unarudisha mwisho wa sentensi, inakuwa kama kuna mtu anayefuatilia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Linakuhusu wewe, kwa hiyo tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Unaikumbuka kazi ya kijiji ya baada ya Pasaka, kengele inapolia na kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake. Mwaka huu Mzee Honorino, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, ametangaza kwamba mikono imepungua mno, hatuwezi kufyeka njia mbili. Tuchague moja: ya juu inayokwenda malishoni, au ya mto. Kila nyumba ina sauti moja, na mkutano ungefanyika Jumapili baada ya misa. Unaijua miiba ya huku, Shangazi. Njia ya mto ikiachwa mwaka mmoja itafungwa, mafuriko yatachukua magogo, na hakuna atakayeyarudisha. Basi hapo ndipo safari za ngomeni zitakapokoma.

Niliposikia hivyo nilijikaza, nikamsimamisha Mzee Honorino nje ya kanisa.

"Na ngome je?" nikamwuliza.

"Ngome imefanya nini?"

"Watu watafikaje?"

"Watu gani, binti? Wanaokwenda huko siku hizi ni mbuzi wa Froilán na wewe. Na mbuzi hawapigi kura."

"Nyumba ya marehemu bibi je? Hiyo nayo ina sauti?"

"Nyumba isiyofuka moshi haina sauti. Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya. Siku ukiona moshi, njoo tuzungumze." Akacheka, akanipa peremende kama mtoto wa chekechea.

Baba alikuwa upande wa njia ya juu. Simlaumu, maana ng'ombe hawavuki kwenye magogo. Nikiwa kitandani nilizipitia nyumba zote, huyu atasema hivi, yule atasema vile, na kila nilipomaliza njia zote mbili zilikuwa zimelingana, hakuna iliyoshinda.

Basi Jumapili iliyopita, kabla ya misa, nilichukua kwenye msumari ufunguo wa nyumba ya bibi, ambayo sasa ni yako, nikaenda kuwasha moto jikoni. Naomba radhi kwa kuingia bila ruhusa yako. Sikugusa kitu isipokuwa kuni. Dohani ilikuwa imezibwa na viota, moshi ukajaa kwanza jikoni, macho yakaniwasha vibaya, halafu ghafla ukapata upenyo ukatoka. Nilikimbilia uani nikautazama ukipanda, umenyooka, hakuna upepo. Nilijivunia, Shangazi. Niliwaza ile sauti tu. Sikuwaza hata kidogo watu wengine wangeona nini.

Wa kwanza kuuona alikuwa Bibi Eutiquia, kutoka dirishani kwake ng'ambo ya barabara. "Delfina karudi!" nikamsikia. "Jamani amkeni, Delfina karudi!" Kisha mlango ukagonga ukuta, kisha viatu vyake vya mbao vikaja mbio juu ya mawe. Sikujua kama bado anaweza kukimbia.

Nilirudi jikoni nikasimama karibu na moto, sijui nifanye nini. Bibi Eutiquia aliingia na aproni yenye unga na kikapu cha mayai. Nyuma yake Mzee Honorino na chupa ya divai, nyuma yake wengine, karibu kijiji kizima. Froilán alifika mwisho. Alikuwa amelowesha nywele akazichana, na kidevuni alikuwa na mkato mbichi wa wembe. Sijawahi kumwona Froilán amenyoa siku isiyo ya sikukuu.

"Yuko wapi?" Bibi Eutiquia akanipita. "Delfina! We mtoto usiye na adabu, hata kubisha hodi kwangu hujabisha?" Akaingia mpaka chumba cha ndani. Nilisikia mlango unafunguka.

"Hayupo," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe na nani?" akauliza Mzee Honorino.

"Mimi peke yangu."

Unanijua, najua sana kuona aibu. Lakini hiyo haikuwa aibu, ilikuwa kitu kizito zaidi. Walisimama pale nyuso zao bado zimefurahi, na ile furaha haijui iende wapi. Froilán alivaa kofia, akaivua tena. Bibi Eutiquia alirudi kutoka chumbani, akaketi kwenye kiti cha bibi, kikapu mapajani.

Ndipo baba akaingia. "Elba, umefanya nini?"

Nikaeleza habari ya moshi na njia ya mto. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata ikabidi nianze upya.

"Huo si moshi, huo ni ulaghai," akasema Aquilino, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote. "Kesho na mimi nitawasha moto kwenye banda la kuku, nipate sauti mbili."

"Kuku wako wana akili kuliko wewe, wapewe tu," Bibi Eutiquia akamjibu. "Moshi umetoka kwenye dohani ya nyumba ya watu. Ulitaka uje na cheti cha ubatizo?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa akijifuta macho kwa pindo la aproni na kulalamika kwamba dohani haivuti vizuri.

Nje kulikuwa na baridi kali na moto ulikuwa umekolea, kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Baada ya misa walirudi palepale, mkutano ukafanyika jikoni kwa bibi badala ya barazani pa kanisa. Mzee Honorino alimimina divai kwenye vikombe vya kabatini. Kila nyumba ikasema, na ikawa kama nilivyowaza kitandani. Baba alisema njia ya juu bila kunitazama. Ikabaki nyumba ile tuliyokuwa ndani yake.

"Moshi upo, hilo siwezi kukataa," akasema Mzee Honorino. "Lakini nyumba inayosema ni nyumba inayotoa mtu wa kazi. Mtu mzima, wa nyumba hiyo, na jembe lake. Elba ni wa kwa baba yake. Haya, nyumba hii itamtoa nani?"

Wote wakanitazama. Nilitaka kusema sijui. Ndivyo ninavyojibu hata darasani ninapojua.

"Delfina," nikasema.

"Amekuandikia hivyo?"

"Atakuja."

"Sikusikii, binti."

"Atakuja!" Safari hii hata Froilán aliyesimama mlangoni alisikia.

Mzee Honorino alizungusha kikombe chake mkononi. Kisha akasema sauti imehesabiwa, njia ya mto itafyekwa, ila kwa sharti: Jumapili ya kazi, kengele ikilia na nyumba hii haina mtu mlangoni, watu wote watapanda njia ya juu, na ya mto tutawaachia miiba. Aquilino alinung'unika, lakini hakupinga. Bibi Eutiquia alikataa kurudi na mayai yake. Aliyaacha mezani akasema ataleta mapya ukifika.

Nimetoa neno lako bila kukuuliza, Shangazi. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kusimamishwa barabarani. Anakuja na basi gani? Bado hanywi maziwa? Bibi Eutiquia ametoa godoro lako analianika dirishani kila jua likitoka. Froilán ameniuliza kama huko kwako Winterthur kuna mbuzi, nikamwambia nitakuuliza. Naona haya kuwajibu, na hapohapo naona raha kuulizwa. Sijui kama utanielewa.

Jana nilikwenda ngomeni nikae niseme ukweli, angalau kwa nafsi yangu. Barafu ilikuwa imeshika kingo za mto, na maji ya katikati yalikuwa meusi. Njia nitaipita hata ikifungwa na miiba, nikichanika kidogo. Vitabu ninavyo. Kinachonishinda ni kufika juu kule, mto wote uko chini, jua limeupiga mahali pale unapopinda karibu na kinu, na sina wa kumwambia "tazama".

Najua likizo ya kiwandani ni fupi na safari ni ndefu. Najua pia kwamba baada ya mazishi ya bibi hukuweza kuingia jikoni mle, na kwamba ulifunga mlango ukampa baba ufunguo bila kugeuka nyuma. Nilikuwa nimesimama pale. Kwa hiyo kama huwezi kuja, niandikie tu kwamba huwezi. Nitakwenda mwenyewe kuwaambia, na sitasingizia posta. Kazi ni Jumapili inayofuata Pasaka. Basi la Jumamosi hufika njia panda saa kumi jioni. Nitakuwepo, ukiwa umeniandikia au hujaniandikia.

Bibi Eutiquia anakusalimu sana na anasema ule vizuri. Mzee Honorino anakusalimu. Froilán hakusema nikusalimu, lakini leo amenipita mara mbili akijua naandika. Mama atakuandikia mwenyewe kutoka León.

Baba naye anakusalimu. Hakusema hivyo. Kwa siku tatu baada ya mkutano hakuniambia neno isipokuwa la ng'ombe. Jana jioni aliingia na jembe la bibi, lile lililokuwa limevunjika mpini, akaketi karibu na jiko akalitia mpini mpya. Akanisimamisha, akaupima kwangu, ukafika kifuani, akaupunguza kwa msumeno. Aliutazama kidogo. "Umeshampita Delfina kwa urefu," akasema, akaukata tena upana wa vidole viwili.

Mama Bikira akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri nyuma ya dirisha hilo lenye ukuta.

Mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Elba