Fundi Pindo, Uzi Mwekundu Tumeukata

Mwaka umetimia leo, mwanangu, tangu ututoke, na miezi kumi na moja tangu nijue ulichonificha. Aliyeniambia ni muuguzi wa kliniki ya hapa jirani, siku nilipompelekea kadi yako ya matibabu anisomee. Alisema dripu za saratani ziliandikwa sita. Ulipata nne.

Watu walikuita Fundi Pindo kwa sababu nguo haikutoka kwako pindo likining'inia, hata ya mtoto wa kutambaa. Nguo ambayo haijaisha uliifunga uzi mwekundu, na yenye uzi haikutoka dukani hata mwenyewe aje na kelele. Bibi harusi mmoja alikuja gari likimsubiri nje. Ukamwambia, "Dada, bora uchelewe umevaa kuliko uwahi unashikilia." Akacheka, akakaa, ukamaliza.

Kadi yako niliiona ungali hai, kwenye droo ya cherehani, imefungwa uzi mwekundu. Nikadhani umeifunga isichanganyike na risiti. Mimi, mama wa fundi, niliyeujua uzi huo miaka yote. Uliniambia, "Nimemaliza, Mama," nikaamini, nikafurahi mpaka nikawatangazia majirani. Hilo nalibeba mwenyewe.

Sasa wapo wanaosema ulikata tamaa, wengine eti uliogopa dawa. Nawajibu hapa hapa, na wasiojua kusoma wasomewe. Ulisafiri siku nzima, ukalala kwenye benchi nje ya wodi kwa kuwa hapakuwa na pa kulala, asubuhi ukapimwa damu. Damu ikiwa pungufu unaambiwa urudi wiki ijayo, kana kwamba unaishi ng'ambo ya barabara. Mara ya tano damu ilikuwa nzuri, dawa ndiyo haikuwepo. Ukaandikiwa karatasi ukanunue nje. Bei yake ilikuwa cherehani yako na ada ya binti yako kwa pamoja. Ukakunja ile karatasi, ukarudi, ukaendelea kushona sare za watoto wa watu. Mtu kafungiwa mlango, msiseme hakubisha hodi.

Miezi mitatu iliyopita mke wa mwashi, yule mteja wako wa magauni mapana, alikuja dukani arudishiwe kitambaa chake. Naye ana saratani kama yako. Alisema ameishia dripu ya tatu, nauli imemshinda, benchi limemshinda zaidi, na gauni jipya halitaki tena. Nikakata kipande cha uzi wako mwekundu, nikamfunga mkononi.

"Bibi, mimi si gauni," akasema.

"Hujaisha," nikamwambia. "Na hutoki."

Kaka yako alimpakia kwenye lori lake la saruji kila safari, akilalamika kwamba abiria wake anaimba ovyo. Mimi nilikwenda naye. Kule hospitali nilimuuliza mhudumu pa kulala, nikamuuliza na mkubwa wake, kisha nikakaa mlangoni pa ofisi siku mbili na chupa yangu ya chai, nikisema tu kwamba sina haraka. Siku ya tatu tukafunguliwa stoo, ikatolewa makorokoro, vikaingia vitanda vinne. Wagonjwa wa mbali wanalala humo mpaka leo. Dawa ilipokosekana tena, nilirudi kukaa pale pale. Waliponiona na chupa, wakaanza kuitafuta dawa.

Juzi mke wa mwashi alimaliza dripu ya sita. Leo mchana lori limetushusha dukani, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Binti yako anakalia kiti chako sasa, na yeye pia hatoi nguo yenye uzi. Alichukua mkasi wako, akamkatia ule wa mkononi. Wa kwenye kadi yako upo palepale. Huo hatuukati.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako, kaka yako dereva, na binti yako fundi. Mke wa mwashi alisema lazima naye awemo, nimwandike wa mwisho, na nisitaje kwamba anakoroma.

Hatutakusahau, mwanangu, wala hatutanyamaza. Ila kwa sasa tumesimamisha cherehani. Mke wa mwashi amejilaza juu ya vitambaa vyako, na usingizi umemchukua.