Mstari wa Tisa

Tarehe 14, mwezi wa nane.
Leo ni miezi saba na siku tatu tangu nilipoondoka hapo nyumbani.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imeacha kuvimba, na ile dawa ya presha unaimeza kila siku, si siku unayojisikia tu. Mimi mzima. Mgongo unauma, lakini mgongo wa kibarua usiouma ni wa marehemu.

Kabla sijaendelea: wewe mdogo wangu unayemsomea mama, simama hapo hapo. Usiisome barua hii jikoni. Ingia chumbani kwa wifi yako, mama akae kwenye kiti, kisha uanze upya kwenye shikamoo. Na usiruke mstari kwa kuona aibu. Nakujua wewe.

Mama, nina hasira. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, nawe ungesema "haya, baba," yakaishia hapo.

Mke wangu alijiandaa. Mtoto alipogoma kugeuka tumboni na daktari akampa tarehe ya upasuaji, alikaa na muuguzi wa kliniki wakaandika orodha, akanisomea yote kwenye simu. Magauni mapana yasiyobana kidonda, khanga safi, pedi kubwa, beseni lake peke yake, blanketi la mtoto, mpaka ndala zisizoteleza. Mistari minane ilikuwa ya vitu, vikanunuliwa vyote, na mfuko ukakaa nyuma ya mlango wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mstari wa tisa haukuwa kitu cha dukani. Ulisema: mtu wa kuchota maji na kufua, wiki sita, mzazi asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake.

Wiki sita, mama. Siku ya tisa mke wangu alikuwa bombani na ndoo mbili.

Mdogo wangu amenieleza alivyomkuta ameshika ukuta wa jirani, gauni limelowa kwa mbele, na yale hayakuwa maji. Kidonda kilikuwa kimefunguka upande mmoja. Akapakiwa kwenye pikipiki akiwa amejishika tumbo kama mtu aliyebeba mayai, akashonwa upya, na mwanangu, ambaye hata sura yake sijaiona, akabaki kwa jirani analia njaa. Na wale wanawake wa bombani walikuwa wanamwambia ajikaze, kwani yeye alisukuma nini? Si alilala tu akatolewa mtoto kama mkate kwenye tanuri? Wakome. Nikifika nitawaambia mwenyewe.

Na wewe je? Umezaa sita. Ulimwona anainama kuchukua ndoo, ukaona anavyouma midomo, ukaendelea kuchambua mboga. Uliwezaje? Sasa ameniambia kwamba kidonda kikipona tu anachukua mtoto anarudi kwao, na hatalala tena chini ya paa moja na wewe. Nasikia ukimsalimia hakuitikii, na chai unayompelekea anaiacha inapoa. Nawe umekaa kimya wiki mbili nzima. Kimya hicho ndicho kinachonitia wazimu kuliko ndoo.

Nikueleze kazi yangu hapa, hujawahi kuniuliza. Namwagilia zege. Sakafu ya juu ikishamwagwa, mbao na nguzo za kuishikilia hazitolewi kwa wiki tatu, na kila asubuhi na jioni nailowesha maji ili ikomae. Mtu akipitisha toroli juu yake kabla ya siku zake namtukana mpaka babu yake. Msimamizi anacheka, anasema nimeoa zege. Kitu kisicho na damu, mama, nakipa siku ishirini na moja. Mke wangu nilimpa sita.

Ndiyo, nilimpa mimi. Mke wangu, sikiliza hapa.

Siku ya sita mama alinipigia simu saa ya chakula. Aliniambia bado huwezi kunyooka, na akauliza kama amwite mpwa wake aje kuchota maji, kama orodha inavyosema. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, wenzangu wote wamekaa kwenye mifuko ya saruji wanasikia. Yule tunayemwita Profesa akasema kuzaa kwa kisu si kuzaa, ni mtoto kupitia dirishani, na mwanamke wa hivyo ukimbembeleza anaota mizizi kitandani. Wakaangua kicheko. Nami, ili nisionekane natawaliwa, nikasema kwa sauti: usimwite mtu yeyote, mama, mwamshe, ashike ndoo, asije akazoea kulala. Mama akauliza, "Una hakika, baba?" Nikasema nina hakika.

Uliponipigia toka hospitali unalia, ukauliza ni nani aliyesema uamshwe, nilikuambia mama yangu ana roho ngumu, umsamehe tu. Mama alikuwa amesimama kando yako amembeba mtoto. Alisikia. Hakunitaja.

Kwa hiyo hasira yangu, mama, nimezunguka nayo siku kumi na sita natafuta wa kumtwisha. Lakini nawe una lako: ungeniambia mimi ni mjinga. Tangu nianze kuleta mshahara umeacha kunikatalia, na hilo limetufikisha bombani.

Nisalimie wote hapo, isipokuwa wale wa bomba. Mpwa wako aitwe leo, aje hadi nifike. Msimamizi amesema nikiondoka kabla ya mkataba kuisha nafasi yangu ataipata mwingine, nimemwambia ampe.

Mke wangu, ukitaka kwenda kwenu, nenda, lakini uende kwa sababu yangu, si kwa sababu ya mama. Ulishonwa upya tarehe ishirini na tisa, basi wiki sita zako zinaisha tarehe tisa mwezi ujao. Nashuka hapo tarehe ishirini na nne jioni, zikiwa zimebaki siku kumi na sita. Ndoo hizo ni zangu. Nikikuta chumba kitupu, kesho yake asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu, na nitakachouliza kwanza ni bomba liko wapi.

Ni mimi mwanao, na mumeo,
mmwagilia zege.