Jino Limeacha Kuuma, Kidevu Kimekufa Ganzi

Shangazi mshauri, shikamoo, nisaidie kabla mama hajanimaliza kwa machozi. Mimi ndiye mpiga tarumbeta wa bendi ya kaka yangu, shule niliiacha njiani lakini midomo hii ilijifundisha yenyewe, nikipuliza hata walionuna wanatikisa mabega, sijisifu, nasema tu. Sasa jino la mwisho la chini, upande wa kulia, liliniuma mpaka nikalia kama mtoto, daktari akanipiga picha akasema mizizi yake imekalia mshipa wa fahamu ndani ya taya, akiling'oa mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi, nikamwambia, "Daktari, ganzi mpe mpiga ngoma, yeye hatumii mdomo," nikaondoka zangu. Nikawa nameza vidonge, maumivu yakakatika, nikamtambia kaka, "Unaona? Nimelishinda!" Ila kidevu upande ule sikisikii tena, na Jumamosi harusini napuliza naona watu wananikodolea macho, nikajua wananikubali, kumbe nimejing'ata, damu na mate vinachuruzika kwenye shati jeupe wala sina habari. Kaka kasema, "Mdogo wangu, kang'oe." Mama analia tu. Nikitoka kwa daktari bila mdomo nitakuwa nani, Shangazi?

Mfalme wa Tarumbeta

JIBU

Marahaba, Mfalme. Pole, lakini hukulishinda jino, acha kujidanganya. Mshipa ule wa fahamu aliokutajia daktari unaingia kwenye taya kwa ndani, nyuma ya meno, unapita kwenye mfereji mwembamba katikati ya mfupa ukiwa bega kwa bega na mishipa ya damu, unagawia meno hisia njiani, kisha tawi lake linachomoza kwenye kitundu kando ya kidevu na kwenda mdomoni. Hausogezi mdomo, unaupa hisia. Ukibanwa na usaha au uvimbe huko ndani, kidevu hufa ganzi. Ile ganzi uliyoikimbia kwa daktari imekufuata nyumbani, na yeye hata hajaligusa jino!

Rudi kwake leo. Anza kwa kumwambia kuhusu ganzi, majigambo baadaye. Shingo ikivimba, au ukishindwa kumeza au kufungua kinywa, kimbilia hospitali hata kama ni usiku. Hisia huenda ikarudi, huenda isirudi, sitakudanganya. Utakuwa nani, sijui, mwanangu. Kaka yako atafute mpulizaji mwingine wa Jumamosi hii. Na mama mchukue mwende pamoja, asibaki nyumbani akilia peke yake.